Siku Tatu Kati Yangu na Ukapteni

Jumatatu, 3 Machi

Orodha mpya imebandikwa. Mimi wa pili. Tena.

Nieleze kidogo, ili siku binti yangu akiisoma shajara hii aelewe baba yake alikuwa anapigania nini. Kampuni yetu ina marubani wasaidizi ishirini na mmoja. Majina yetu yamepangwa kwenye karatasi moja iliyobandikwa mlangoni mwa ofisi ya marubani, karibu na mashine ya chai. Aliyeajiriwa zamani yuko juu, aliyeajiriwa juzi yuko chini. Karatasi hiyo ndiyo inayoamua kila kitu: nani achague safari kwanza, nani apate likizo shule zikifungwa, nani awe kapteni kiti kikiwa wazi. Uhodari hauhesabiwi. Ungehesabiwa nisingekuwa naandika haya.

Na kiti kinakuwa wazi. Mama Breki anastaafu tarehe 31. Kiti kimoja tu, na baada yake hakuna kapteni atakayestaafu mpaka miaka minne ipite. Kapteni analipwa karibu mara mbili yangu na anavaa mistari minne begani. Mimi ninayo mitatu.

Wa kwanza kwenye orodha ni Siku Tatu. Tuliajiriwa siku moja, saa moja, tukasaini kwa kalamu moja. Kampuni ikaamua kwamba mwenye umri mkubwa atangulie. Yeye alizaliwa siku tatu kabla yangu. Ndiyo maana nimempa jina hilo, naye huitika kwa furaha kabisa, akidhani ni utani.

Nimempigia mama simu kumuuliza kwa nini alichelewa kunizaa. Amesema aliyechelewa si yeye, ni mimi, na kwamba hata leo nikiitwa mezani nakuja chakula kimeshapoa.

Jumanne, 4 Machi

Ukungu. Saa tatu na nusu ndani ya ndege iliyosimama, sare imenyooka, kofia magotini. Malipo: hakuna.

Watu hawaamini nikiwaambia. Rubani wa kampuni yetu anaanza kulipwa breki za ndege zikiachiwa, na anaacha kulipwa zikifungwa tena. Kuikagua ndege mvuani ni bure. Kusubiri ukungu uondoke ni bure. Zamu ya akiba, yaani kukaa uwanjani kutwa ukingoja mwenzako aumwe tumbo ili ushike safari yake, ni bure pia. Leo nimekuwa kazini saa tisa na nimelipwa saa moja na dakika hamsini. Jioni kinyozi amenitoza bei ya juu kuliko wote waliokuwa kwenye benchi. Nilipouliza, akasema si wewe ni rubani.

Nilikuwa na Mama Breki. Tunamwita hivyo kwa sababu akishatua huipeleka ndege kwenye maegesho taratibu mno, kiasi kwamba gari la mizigo hutupita. Yeye husema ni usalama. Lakini kila dakika hiyo inalipwa, na sisi wasaidizi tunagombania kuruka naye. Ndiye pia katibu wa chama chetu cha marubani. Mwaka wa sita huu anadai tulipwe saa za kusubiri na za zamu ya akiba. Kampuni hujibu kila mwaka kwamba inalitafakari. Leo ndani ya ukungu ameniambia anatamani kuliona jambo hilo limesainiwa kabla hajaondoka, na ameniomba nifike kwenye mkutano wa Alhamisi.

Nimemwambia nitafika. Sitafika. Nina mpango mkubwa kuliko mikutano.

Mpango: Siku Tatu aondoke. Mimi si mtu mbaya. Simtakii maradhi wala ajali. Nataka tu aende kwenye maisha bora, mbali, kabla ya tarehe 31.

Jumatano, 5 Machi

Kazi imeanza. Kuna ile kampuni kubwa ya ng'ambo, yenye ndege za abiria mia tatu, na inatafuta marubani. Nimepata jarida lao lenye picha za nyumba wanazowapa wafanyakazi, kila moja na bustani. Nikaliacha wazi kwenye kiti cha Siku Tatu. Amelitumia kuwekea kikombe chake cha chai.

Shida yake ni moja: ameridhika. Anapiga pasi mpaka soksi. Kila siku saa sita kamili anafungua kopo lake la chakula, anakula, anasema alhamdulillahi, analifunga. Mtu wa namna hiyo utamhamisha vipi?

Nikaamua kumwingia moja kwa moja. Nikamweleza habari za mshahara, nyumba, shule ya watoto. Nikatia chumvi kidogo kwenye bustani. Akauliza swali moja tu: huko nako mtu anaanzia chini ya orodha? Nikamjibu kwamba orodha yao ni fupi. Sijawahi kuiona.

Jioni tulipotoka ofisini akaniambia kwamba angeweza kwenda, ila si peke yake, maana hajazoea kula na watu asiowajua. Kama naenda, naye ataenda.

Nikamuuliza kwani nani amemwambia mimi nabaki.

Nimerudi nyumbani napiga mluzi.

Ijumaa, 7 Machi

Fomu zimejazwa. Yake nimeijaza mimi, kwa mwandiko wangu mzuri. Yangu kaijaza yeye, kwa kuwa aliona nimechoka. Ndivyo alivyo.

Mkutano wa jana sikwenda. Nilimwambia Mama Breki mtoto alikuwa na homa. Leo asubuhi amempelekea binti yangu chungwa.

Mke wangu ameikuta nakala ya fomu kwenye mfuko wa suruali. Yeye ni mwalimu wa hesabu, na hilo katika ndoa lina raha yake na taabu yake. Ameingia kwenye tovuti ya kampuni hiyo kubwa, akatafuta, akachukua penseli. Ningeanza nikiwa wa mia sita na kumi na mbili. Ukapteni ningeupata nikiwa na miaka hamsini na mmoja. Nikamtuliza. Nikamwambia siendi popote, anayeenda ni Siku Tatu, mimi nampa moyo tu.

Akauliza kama Siku Tatu anajua kwamba mimi siendi. Nikasema atajua kwa wakati wake. Akarudi kusahihisha madaftari, na nimeona wazi kwamba mwanafunzi aliyefuata alionewa.

Kabla ya kulala nilishusha kopo la biskuti kutoka juu ya kabati. Ndani yake, chini ya karatasi, nimeficha vitambaa vya mabegani vyenye mistari minne. Nilivinunua miaka miwili iliyopita. Nimevivaa juu ya singlendi na kusimama mbele ya kioo. Vimenikaa vizuri kabisa.

Jumapili, 9 Machi

Siku Tatu amekuja nyumbani nimfundishe usaili. Tumekaa sebuleni. Binti yangu, mwenye miaka saba, ndiye aliyekuwa mkuu wa wasaili. Alivaa miwani ya mama yake na kumuuliza Siku Tatu maswali magumu, mojawapo likiwa kwa nini mawingu hayachubui ndege rangi.

Siku Tatu anatoka jasho mikononi akiulizwa chochote. Nimemfundisha kupumua, kukaa, kutazama watu usoni. Nimempigia tai pasi. Tangu niajiriwe sijawahi kufanya kazi kwa bidii kama leo.

Alipokuwa anaaga, alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Alisema kwao alizaliwa peke yake, na hakudhani ukubwani angepata ndugu. Nikajibu lolote lililonijia mdomoni. Kuna kitu kilinichoma kifuani, kama pilipili. Nikala viazi viwili vilivyobaki, kikatulia.

Jumanne, 11 Machi

Usaili. Hoteli, zulia nene, maji ya chupa. Watu watatu nyuma ya meza.

Nilikwenda nimejipanga kufeli. Swali la kwanza lilikuwa injini ikizimika mara baada ya kuruka utafanya nini. Hapo nilijibu sawasawa, hatua kwa hatua, kwa maana kuna mambo mtu hawezi kuyafanyia mzaha. Swali la pili: kwa nini unataka kazi kwetu? Nikasema sitaki, nimemsindikiza mwenzangu. Walicheka sana. Mmoja akaandika kitu.

Siku Tatu aliingia baada yangu. Alitoka shati limelowa, akasema amesahau namna ya kupumua niliyomfundisha, akapumua ya kwake.

Alhamisi, 13 Machi

Majibu yametumwa kwa simu. Yangu: wamevutiwa na ukweli wangu na wananitakia kila la heri huko niliko. Barabara!

Siku Tatu amefaulu. Alinijia karibu na mashine ya chai, hatabasamu, simu mkononi, akauliza yangu yanasemaje. Nilimwona machoni. Alikuwa anaomba niwe nimefeli, ili abaki na kopo lake la chakula.

Nikasema nimefaulu.

Akanikumbatia. Chai yangu yote ikamwagika kwenye shati lake jeupe, na wala hakujali.

Ijumaa, 14 Machi

Siku ndefu.

Barua ya kuacha kazi lazima ifike ofisini kabla ya tarehe 15, la sivyo mtu haruhusiwi kuondoka mwisho wa mwezi huu. Siku Tatu aliniambia jana kwamba ameshaandika yake na kwamba tuzipeleke pamoja. Nilijipanga. Niliandika yangu, barua nzuri yenye shukrani, lakini sikuisaini. Barua isiyosainiwa ni karatasi tu. Yake ingepokelewa, yangu ingerudishwa, na mimi ningekuwa nimebadili mawazo kwa huzuni kubwa. Akajitolea kunipelekea. Nikampa bahasha, nikaketi kunywa chai.

Baada ya dakika kumi nikaitwa kwa Mkuu wa Marubani.

Siku Tatu alikuwa amekaa hapo, uso umechangamka. Mkuu alikuwa amejishika kichwa. Siku Tatu alinieleza kwa furaha kwamba nimesahau kusaini, ila hakuna tabu, amemwomba Mkuu asiirudishe, leo ndiyo siku ya mwisho. Akanipa kalamu yake. Alikuwa ameshaifungua kifuniko.

Nilimtazama Mkuu. Nikamtazama Siku Tatu. Ningesema nini? Kwamba nilikuwa namdanganya tangu Jumatano ya wiki iliyopita? Nikasaini. Kalamu iliandika vizuri kupita kiasi. Mkuu akapiga muhuri. Sauti yake naisikia mpaka sasa.

Nikatoka nikijipa moyo. Bado naweza kuiomba barua Jumatatu. Kesho na keshokutwa sitaliwaza.

Jumatatu, 17 Machi

Siku Tatu haondoki.

Nirudie, labda nitaelewa. Siku Tatu haondoki. Ijumaa, baada ya mimi kutoka, Mkuu alikataa kupiga muhuri barua yake. Alimweleza kwamba wasaidizi wawili wa juu wakiondoka siku moja, na Mama Breki anastaafu, kampuni itapaki ndege. Akamsihi asubiri mpaka Jumatatu na asimwambie mtu, akapanda ghorofani kwa wakubwa. Wakubwa walikaa Jumamosi na Jumapili. Wakaogopa wengine nao wangefuata, wakamwita Mama Breki. Leo saa nne wamesaini: saa za kusubiri zitalipwa, zamu ya akiba italipwa, kuanzia leo hii. Miaka sita ya kutafakari imeisha kwa siku mbili. Siku Tatu amerudishiwa barua yake na anapata kiti cha kapteni.

Nikamuuliza kwa nini yangu ilipigwa muhuri na yake haikupigwa. Akasema Mkuu alitaka kuzishika zote mbili. Yeye ndiye aliyenitetea. Alimwomba Mkuu asinizuie, kwa kuwa mimi nilikuwa nimeshaota ile bustani na isingekuwa haki kunikatisha ndoto.

Machozi yalimlengalenga alipokuwa ananieleza. Yangu pia.

Mchana chama kimekutana. Mama Breki amesimama na kutangaza kwamba kuna mtu mmoja aliyejitoa mhanga ili wenzake wapate haki yao, akaweka kazi yake rehani na hakusema kitu. Kila mtu amenigeukia. Wamepiga makofi mpaka kikombe kikaanguka. Nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu. Kusema kweli ilinipendeza, na kwa kama dakika tatu nilikuwa naamini kwamba ndivyo nilivyopanga.

Jumatano, 19 Machi

Nimekwenda kwa Mkuu kuiomba barua yangu. Nimemwambia nimetafakari, siwezi kuwaacha wenzangu. Akafurahi, akasimama, akanipa mkono. Ombi limekubaliwa papo hapo. Nikavuta pumzi.

Halafu akafungua droo na kutoa kanuni za orodha. Kifungu cha tisa: rubani aliyeacha kazi kwa barua yenye muhuri kisha akarudi, hata kama ni kesho yake, ataanzia mwisho wa orodha.

Nikasema kifungu hicho ni cha kikatili. Nikauliza ni nani mwenye roho mbaya aliyekipendekeza. Mkuu akageuza ukurasa. Chini kabisa kuna jina langu. Mwaka jana. Nikakumbuka. Kuna mwenzetu alitaka kurudi baada ya miezi miwili, na alikuwa juu yangu. Nilikiandika kifungu hicho jioni moja, nikakizungusha ofisi nzima kutafuta saini.

Wa ishirini na moja kati ya ishirini na mmoja. Juu yangu yupo yule dada aliyeajiriwa mwezi uliopita, ambaye bado anauliza choo kiko wapi. Amenishukuru kwa kumpandisha.

Nyumbani nimemweleza mke wangu yote. Alicheka mpaka akaketi sakafuni. Kisha akaona sicheki, akainuka, akaja kukaa karibu yangu. Nimekwenda bafuni, nikafungua bomba, nikalia. Miaka kumi na moja ya kazi, halafu niende kumwambia binti yangu kwamba mistari ni ileile mitatu. Nilipotoka kulikuwa na chai mezani. Mke wangu hakusema alinionya. Alikuwa na haki ya kusema, na hakusema.

Ijumaa, 21 Machi

Siku Tatu amejua. Sijui nani kamwambia kwamba sikufaulu usaili, nadhani ni binti yangu.

Alikuja asubuhi, kopo la chakula kwapani, akasema amefikiri vya kutosha: atakataa kiti cha kapteni, ili nikichukue mimi. Alimaanisha.

Nikapiga hesabu haraka. Akikataa, kiti kinakwenda kwa anayemfuata kwenye orodha, na anayemfuata sasa si mimi, ni yule jamaa anayekula vitunguu vibichi ndani ya ndege. Mimi sipati kitu.

Kwa hiyo nikamkataza kwa moyo mweupe. Nikamwambia kiti ni haki yake, na kwamba ndugu hawanyang'anyani. Amenikumbatia tena. Safari hii nilikuwa nimeweka chai mbali.

Ameniuliza kama nilidanganya kuhusu majibu ili yeye tu aende akapate maisha bora. Nikamjibu kwamba ni hivyo hasa. Ukiyatazama maneno hayo kwa makini, hakuna hata moja la uongo.

Ijumaa, 28 Machi

Mambo ya ajabu yanatokea.

Aliye mwisho wa orodha hachagui safari. Anapewa kinachobaki, na kinachobaki ni zamu ya akiba. Wiki nzima nimekaa zamu ya akiba. Nafika uwanjani saa mbili, navaa sare, naketi kwenye kochi la kijani karibu na dirisha. Naangalia wenzangu wakikagua ndege mvuani. Hakuna aliyeumwa tumbo. Saa kumi narudi nyumbani.

Na ninalipwa. Kila saa! Nimelipwa nikisoma gazeti. Nimelipwa nikisinzia. Jumanne nimelipwa nikipiga kiatu rangi, viatu vyote viwili, na kandambili za mke wangu.

Jioni mke wangu amechukua penseli. Amepiga hesabu mara mbili, kwa vile hakuiamini ya kwanza. Wa mwisho anayekaa kwenye kochi sasa anapata zaidi kidogo ya nilichokuwa napata nikiwa wa pili na kuamka alfajiri. Jumatano na Alhamisi nilimpitia binti yangu shuleni nikiwa na sare. Wenzake wakamzunguka. Mmoja akauliza mistari mitatu maana yake nini. Akamjibu kwamba ni rubani anayekuja kuchukua watoto.

Nimenenepa kidogo. Nina furaha. Naiandika hapa ili ijulikane.

Jumatatu, 31 Machi

Safari ya mwisho ya Mama Breki. Tumesimama wote kwenye maegesho kumpokea. Alitua vizuri, halafu akaanza kuja. Alikuja taratibu kuliko siku zote. Gari la mizigo lilimpita, gari la maji likampita, mfagiaji mwenye toroli akampita. Hakuna aliyelalamika. Ndege iliposimama, ilichukua muda mrefu kabla hajafunga breki, na najua alikuwa amekaa tu mle ndani ameshika usukani. Aliposhuka macho yalikuwa mekundu. Alinishika bega akasema bila mimi asingeiona siku hii. Karibu niamini mwenyewe.

Ikafika zamu ya Siku Tatu kuvikwa mistari minne. Stoo ikaleta taarifa kwamba vitambaa havijafika. Mkuu akaona haya. Siku Tatu akasema hakuna tabu, atavaa mitatu mpaka viletwe.

Hapo mke wangu, ambaye nilimwalika kwa ajili ya keki, akafungua mkoba. Akatoa kopo la biskuti.

Sikujua niweke wapi macho yangu. Siku Tatu akaviangalia, vipya kabisa, bado na karatasi yake. Akauliza tangu lini nimemwekea. Nikasema tangu miaka miwili iliyopita. Nimemfunga mimi mwenyewe, bega la kulia, bega la kushoto. Sikutegemea kwamba nitafurahi, lakini nilifurahi, moyo wote. Ila begani kwangu vilikuwa vinakaa vizuri zaidi.

Alhamisi, 10 Aprili

Taarifa mbaya.

Nilikuwa kwenye kochi langu nikilipwa, Mkuu akapita na kijana aliyevaa suti, akamwonyesha mashine ya chai. Rubani msaidizi mpya. Anaanza mwezi ujao. Orodha itabandikwa upya, naye atakuwa chini yangu. Maana yake zamu ya akiba ni yake. Kochi ni lake. Mimi nitarudi kukagua ndege mvuani alfajiri, na binti yangu arudi kwa miguu.

Sikubali. Nafasi ya mwisho nimeitolea jasho.

Lakini nimetulia. Nimemkaribisha kijana, nikamnunulia chai, nikamuuliza anapenda nini maishani. Anapenda bustani. Nyumbani nilikuwa bado na lile jarida, lina duara la kikombe juu yake lakini picha zinaonekana. Nimempa. Amezitazama sana. Ana wasiwasi mmoja tu, amesema: ni mbali, na hatamjua mtu yeyote huko.

Nikamwambia asiogope. Na mimi naenda.